Kwa Nini Mdogo Wako Haitwi Gloria

Mpendwa Anna,

Jina la Gloria ulilomchagulia mdogo wako nililikataa mimi, kwa sababu nilimwonea aibu bibi yako. Sijamwambia mtu mwingine. Marahaba, mwanangu; huku Mkonze wote ni wazima na mtoto ananyonya vizuri.

Baba yako aliponiachia nichague, nilimtajia mama, yaani bibi yako, majina mawili mbele ya wenzangu niliomaliza nao shule. Akajaribu lile lako: “Golola.”

Mmoja akacheka. “Mama, hiyo si gololi ya kuchezea?”

“Ulimi wa Kigogo huu, wanangu,” mama akajibu, naye akicheka.

Mimi nilitazama chini. Nikasema haraka, “Basi aitwe Neema.”

Sasa kila mgeni anayekuja kumwona mtoto huambiwa na mama, “Shangazi yake alitafuta jina ninaloliweza na mimi. Alinifikiria.” Akisema hivyo, mimi hukimbilia jikoni. Sikumfikiria yeye, niliwafikiria wale wasichana.

Nimetaka kumwambia, lakini nikiona anavyolitamka jina hilo kwa raha, nashindwa. Nakuomba, Anna, na wewe usimwambie.

Shangazi yako,
Yudithi