Ndizi Kwenye Friza

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tatu sasa mke wangu hajakanyaga jikoni, tangu daktari amwambie ana kisukari. "Nipike nini, wakati kila kitu nimekatazwa?" Maziwa nayo yanamvuruga tumbo tangu usichana wake. Kwa hiyo mpishi ni mimi — mpima ardhi mstaafu, niliyekuwa sijui hata chumvi inakaa wapi. Leo nimemkuta dirishani akiwatazama watoto wa jirani wakilamba aiskrimu. Roho imeniuma.

Jumanne, 4 Machi
Nimempigia simu binti yetu. Anasema aiskrimu inatoka kwa matunda matupu: unagandisha, unasaga, basi. Hakuna sukari, hakuna maziwa. Nimemuuliza na mtaalamu wa lishe pale kliniki. Kasema sawa, ila vijiko vitatu baada ya mlo, si bakuli zima. Nimenunua ndizi sita zilizoiva hadi madoadoa. Ziko kwenye friza.

Jumatano, 5 Machi
Kumbe zinamenywa kwanza. Ndizi iliyoganda na ganda lake ni kipande cha chuma. Nimejaribu kisu, maji ya moto, mwisho bisibisi. Mke wangu kapita mlangoni, kaniona, kaendelea na njia yake. Kisha nikasikia kicheko koridoni. Cha kwanza kwa wiki tatu. Hata ndizi zote zikienda jaani, sijali.

Alhamisi, 6 Machi
Tikiti maji. Jiwe tupu. Blenda imenguruma, ikanuka kuungua, ikazima. Imepoa, imewaka tena, alhamdulillahi. Binti: "Baba, tikiti ni maji, ulitegemea nini?"

Ijumaa, 7 Machi
Leo nimerudia kazi yangu ya zamani. Ndizi zimemenywa, vipande vya sentimita mbili, kwa rula. Embe vilevile. Vimepangwa kwenye sinia visigusane. Tuone.

Jumamosi, 8 Machi
Imekubali!
Ndizi, embe, vijiko viwili vya tui zito, ndimu. Mwanzoni blenda inatoa chengachenga, unadhani umeharibu. Unazima, unasukuma kwa mwiko, unawasha. Mara inalainika yenyewe, laini kabisa. Nimempelekea vijiko vitatu kwenye kikombe cha kahawa. Kala. Kakwangua hadi chini. "Umezidisha ndimu," kasema. Nimetoka pale kama mtu aliyepandishwa cheo.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, kaja kula nasi mchana. Tangu aingie ni pole juu ya pole: maskini mdogo wangu, mambo matamu ndiyo basi tena. Mke wangu anazidi kuinama. Baada ya chakula nikaleta vikombe. Shemeji kaonja, kaonja tena. Nani katengeneza? Nikafungua mdomo.
"Mimi," kasema mke wangu, uso mkavu.
Shemeji kamtazama kwa heshima ambayo sijaiona miaka mingi. "Basi Jumatano nakuja unifundishe."
"Karibu, dada."
Chini ya meza nilikanyagwa mguu, kwa nguvu. Nikala zangu embe.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi hii kaamka kabla yangu. Kajifunga aproni, kaingia jikoni, kanitoa: eti wawili hatutoshi mle. Naandika sebuleni. Nasikia droo zinafunguliwa kwa hasira. Analalamika kwamba nimehamisha vyombo vyote na mwiko wake mzuri nimeuunguza. Ni kweli. Kauliza ndizi zinakatwa unene gani, nimemjibu. Kauliza tui linatangulia au linafuata, nimemjibu.
"Mume wangu. Nanasi je, linakubali?"
Nimemwambia sijui, sijawahi kulijaribu.
"Sasa umekaa huko unaandika nini? Njoo ulimenye."