Stempu Zilizochanika

Mawlamyine, Jumapili asubuhi

Mume wangu Zeya,

Huku hatujambo. Binti yetu Yadana ameanza kutambaa, na paka hana amani. Unyevu umeingia kwenye albamu za Baba yako, basi kutwa anaanika stempu kwa kibano na kuzigombeza.

Barua zako tatu kutoka kiwanda cha samaki zimefika. Ulisema mwenzako anakuandikia kwa sababu ya uchovu, ila stempu unabandika mwenyewe, nami nikaamini. Lakini jana Baba alipoloweka bahasha abandue stempu, alichukua lenzi.

"Mkwe, nani kazichana hivi? Meno ya pembeni yamekatika yote!"

"Labda alikuwa na haraka, Baba."

"Zeya? Nilimfundisha mwenyewe. Anakunja kwanza, halafu anatenganisha polepole kwa mikono miwili. Hata akiwa na homa hapotezi jino moja."

Mikono miwili. Nikazitazama tena bahasha zote tatu. Nakumbuka ulivyoiogopa ile mashine ya kukatia samaki.

Kama ndivyo, Baba Yadana, usinifiche. Rudi hivyo hivyo. Mtoto bado mwepesi, anabebeka kwa mkono mmoja. Nimeshajaribu.

Mkeo anayekungoja,
Mi Chan