Presha Iliyokataa Kupanda

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Hujambo? Shemeji hajambo, na wanao? Mimi ni mzima, tena mzima kupita kiasi, ndiyo maana kalamu inanikimbia. Najua umeshtuka kuuona mwandiko wangu baada ya miaka kumi na moja. Kaa kitako usome.

Zahanati ya huku ilitafuta wazee wenye presha ya kupanda, wafundishwe kutulia. Nilicheka sana. Mtu na miaka yake sitini na tisa afundishwe kulala mkekani! Lakini nilienda. Tunakunja ngumi, tunaachia. Tunakaza mabega, tunaachia. Kisha tunavuta pumzi polepole mpaka tumbo linyanyuke. Jirani yangu wa mkeka, dereva wa lori mstaafu, wiki mbili za mwanzo alikoroma tu, na muuguzi akasema huyo ndiye mwanafunzi bora.

Siku ya kwanza tulitema mate kwenye vichupa, wakapime homoni ya msongo wa mawazo. Halafu tukafungwa mashine ya presha na kuambiwa tuwaze jambo linalotuudhi kuliko yote. Yangu iliruka hadi mia na themanini na tisa! Muuguzi alishtuka, akauliza nawaza nini. Nikamjibu kuwa ni mbuzi wa jirani anayekula maua yangu.

Leo asubuhi, baada ya wiki nane, tumerudia. Nimewaza jambo lilelile, nimelichochea kwa nguvu zangu zote, wapi! Mia na thelathini na nne. Muuguzi amepiga makofi, akasema mbuzi kasamehewa. Nimecheka hadi nikalia.

Ndugu yangu, hakuna mbuzi. Nilikuwa nakuwaza wewe, siku ile ulipoibeba cherehani ya mama nami nikakuita mwizi mbele ya kaka zetu. Kikulacho ki nguoni mwako, nami fundi wa nguo sikukiona. Hasira ilipoondoka nikabaki na ukweli: wiki moja kabla hajafa, mama aliniambia kwa kinywa chake kuwa cherehani ni yako. Nilijua. Nilinyamaza kwa wivu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeanza ufundi wa kushona kabla yako.

Mchana huu nimewapigia kaka zetu wote wawili, nimewaambia.

Jumamosi nitakuja kwako. Ukiufunga mlango, una haki. Na kama presha yako imepanda kwa kusoma haya, kunja ngumi, achia, vuta pumzi polepole. Wasalimie wanao, waambie mama yao mkubwa yupo hai.

Ni mimi dada yako,
niliyejua.