Tone Kwenye Ubao wa Mzee Dezső

Mwaka umetimia, Bibi Etelka, tangu ututoke, na ndala zako bado ziko mlangoni. Babu hataki ziguswe. Anasema ukirudi ukazikosa, atakayekiona cha moto ni yeye.

Tunakukumbuka ukila tambi zako za mbegu nyeusi za mpopi, kisha unatabasamu meno yote meusi, na hakuna aliyethubutu kukuambia.

Zaidi tunakumbuka ulivyowachukua watoto wa Mtaa wa Chini, wanaochota maji kwenye pampu ya barabarani, ukawapeleka bwawa la maji moto la mjini kuwafundisha kuogelea. Kina walichokijua ni cha ndoo. Bwawani wakawakuta wazee wa pensheni, maji kifuani, wakicheza sataranji kwenye ubao unaoelea.

"Mwalimu," alisema Mzee Dezső, mkali kuliko wote, "tone moja likigusa ubao wangu, hao vifaranga wako wanatoka na hawarudi."

"Mzee Dezső, wewe hufungwa sataranji hata ubao ukiwa mkavu."

Lakini sharti ulilikubali, maana bwawa lingine halikuwapo. Ukawafundisha kuingiza mkono majini kama mke anavyouingiza mfukoni mwa mume aliyelala. Mfano huo Babu hakuupenda kamwe. Mazoezi yakiisha, uliwakausha nywele mmoja mmoja na kuwasuka, baridi isiwapate njiani.

Kisha Szidónia, binti wa msuka vikapu, akaenda mashindano ya taifa. Wenzake waliyapiga maji kama wanaogombana nayo. Yeye akapita kimya, akawa wa kwanza kugusa ukuta. Aliporudi, ulimvika Mzee Dezső medali aliyoshinda binti huyo.

"Inaniumiza shingo," alinung'unika, na hakuivua mpaka bwawa lilipofungwa jioni.

Ulipoondoka, msimamizi mpya alitaka kuwatoa watoto ili wazee wapate utulivu. Mzee Dezső akamwuliza, "Utulivu gani, kijana? Hatujawahi kuwasikia wakipita."

Sasa Szidónia ndiye anayewafundisha. Jumamosi iliyopita tuliweka shada lako kando ya bwawa, na tone likadondoka katikati ya ubao. Watoto wakaganda, wakamtazama mzee. Akalifuta kwa kidole gumba.

"Ogeleeni," akasema. "Hilo ni langu."

Unakumbukwa na Babu Lőrinc, binti yako Hajnal, sisi wajukuu zako Ambrus na Réka, Szidónia na vifaranga wote, pamoja na Mzee Dezső, ambaye bado anafungwa.

Daima uko nasi, Bibi. Kimya kimya, kama ulivyofundisha.