Kilo Saba

Mdogo wangu wa pekee,

Hatujambo, ila cherehani siku hizi naikanyaga kwa mguu mmoja. Daktari alisema goti halipasuliwi mpaka nipungue kilo ishirini. Ulipokuwa hapa tulitembea kila asubuhi, nikapungua saba. Ulipoolewa nilitoka peke yangu siku tatu, majirani wakanicheka, "Taratibu, mama, barabara bado mpya!" Nikarudi ndani. Shemeji yako naye hunijazia sahani: "Ukikonda watasema nakunyima."

Kwenye simu nilikuambia bado natembea. Nilikudanganya. Jana nimepimwa: zile saba zimerudi, na tano juu. Daktari amenifuta kwenye orodha ya upasuaji.

Usije, una mtoto mchanga. Nilitaka tu mtu mmoja ajue.

Dada yako