Kimya Baada ya Paukwa

Mama yangu,

Shikamoo. Ile hadithi yako ya Sungura nimeiunganisha, na tangu jana jioni bado nimeduwaa.

Unaikumbuka miezi ile? Wewe uko Kiseke, kifua kimekubana. Mimi niko Sengerema kikazi, tumbo limefika kidevuni. Kuongea kwa simu hukuweza tena, pumzi zilikuwa zinakatikia njiani. Ukaanza kumrekodia mjukuu wako hadithi, ukinitumia kwa simu kipande leo, kipande kesho. "Huyu asije akazaliwa hana hadithi hata moja," ulisema. Kila kipande kilianza na "Paukwa!", kisha kimya kirefu, ndipo aje Sungura. Kimya kile kiliniuma. Nilijua unatafuta pumzi, nikawa nakiruka.

Ukatutoka kabla Neema hajazaliwa. Nikashindwa hata kuvigusa vile vipande. Sasa ameanza kuulizia bibi yake yuko wapi, nami nikaogopa atakujua kwa picha tu.

Kazi yangu uliiita kuhesabu samaki waliokwisha kuliwa. Basi lugha ile ile ya kompyuta ninayotumia kwa takwimu za samaki, R, ndiyo niliyoitumia kwako. Niliziingiza sauti zako zikawa orodha. Kuna amri inaitwa Reduce: inachukua kipande cha kwanza, inakiunga na cha pili, vikishakuwa kimoja inaongeza cha tatu, hivyo hivyo mpaka orodha nzima inakuwa kitu kimoja. Ndivyo ulivyosokota kamba za migomba, kila ukambaa mpya ukishika kamba iliyokwisha kusokotwa.

Mara ya kwanza nilichemsha. Kompyuta ilipanga kwa majina ya mafaili, namba kumi ikaitangulia mbili. Sungura akashiba karamu kabla hajaalikwa, akamshukuru Mamba kwa kumvusha ziwa kabla hawajakutana! Nilicheka hadi machozi. Nilikusikia kabisa: "Haraka ya nini, mwanangu?"

Nikapanga upya. Nilitaka pia kukata kimya cha kila kipande. Mstari mmoja ungetosha. Mkono ukagoma. Nikaacha kama ulivyotuma, nikabonyeza.

Neema alikuwa sakafuni anamvalisha mwanasesere wake. "Paukwa!" ukasema. Kikaja kile kimya.

"Pakawa!" akaitikia, kama wanavyofundishwa chekechea.

Nawe ukaendelea pale pale, kana kwamba umemsikia. Kipande kilichofuata, vilevile. Na kilichofuata. Nywele zilinisimama, Mama. Kumbe hukuwa unatafuta pumzi! Ulikuwa unamsubiri mtoto ambaye hajazaliwa, umempimia na muda wa kuinua kichwa na kujibu. Pumzi ulikuwa nazo chache kiasi kile, na bado ukamgawia.

Hadithi ilipokwisha, Neema alinivuta kanga. "Mama, bibi aseme tena. Nimemjibu, amenisikia."

Nikabonyeza tena.

Pumzika, Mama. Nakuachia hapa nafasi ya marahaba.

Mwanao,
Mama Neema