Mkono wa Kushoto

Morogoro, Ijumaa

Mwalimu wa shule ya serikali ameniambia leo kwamba Jumatatu, shule ikifunguliwa, Bwana Shauri, Mzungu wa boma la serikali, atakuja kuwapima watoto kuandika. Atakayekosea atachapwa kiboko.

Salumu wangu ana miaka saba. Likizo nzima nimemfundisha herufi za Kizungu, na bado anaziandika kuanzia kulia, kama alivyozoea kuandika Kiarabu kwenye chuo cha Kurani.

Nikamwambia aanzie kushoto. "Baba, si ndio mkono wa chooni?"

Mama yake akacheka. "Mjibu basi, bwana mwandishi."

Nikachukua kalamu yake niichonge. Nimewahi kuandika gazetini habari za mtu mzima aliyechapwa bomani, nikaimaliza bila kuinua kalamu. Leo nimeshindwa kuchonga kalamu ya mtoto. Naogopa.

Kesho, baada ya swala ya alfajiri, tunaanza tena na jina lake.